Mtoto wa wiki tatu ana dhambi gani?

"Mwalimu, samahani naomba niulize. Huyu mtoto ana wiki tatu, hata mwanga hajauzoea vizuri, sasa dhambi yake ni ipi hiyo mnayotaka kumuosha?"

Aliyeuliza ni mama mkwe wa mdogo wangu, Msabato kabisa wa Ukerewe, alikuja na kivuko kumuona mjukuu wake ambaye sisi Wakatoliki tulikuwa tunajiandaa kumbatiza. Aliyeulizwa ni baba yangu mkubwa, katekista mstaafu, na hadi leo watu wa Kirumba, hapa Mwanza, wanamwita Mwalimu ingawa kazi aliyobaki nayo siku hizi ni kushona nyavu za watu barazani. Hakuinua hata kichwa, akavuta uzi, akakaza fundo, akasema, "Mama, hilo swali limewasumbua wakubwa kuliko mimi na wewe miaka elfu moja na mia sita, subiri kwanza chai ije."

Chai ikaja na jibu likachukua jioni nzima, na kiukweli hawakumaliza. Mi nilikuwa nakaa pembeni nasikiliza, alafu nikaenda kusoma mwenyewe kwa wiki kadhaa maana niligundua nimekariri "dhambi ya asili" tangu komunyo ya kwanza bila kujua ni nini. Kwahiyo nachoandika hapa ni kile nilichokielewa, kwa lugha ya kawaida, na nitasema pia pale ambapo nadhani sisi Wakristo tumekuwa tukiisimulia hii stori vibaya.

Tuanze na neno lenyewe kwanza, sababu nusu ya vurugu imo humo. Kiswahili chetu neno "asili" lina kazi mbili. Ukisema dawa za asili, ngoma za asili, unamaanisha kitu kilivyokuwa tangu mwanzo kabla hakijachanganywa. Ukisema "asili yangu Magu" unamaanisha nilikotokea. Sasa mtu akisikia "dhambi ya asili" anaelewa nini? Anaelewa kwamba dhambi ndo tulivyo, ndo udongo tuliofinyangiwa, yaani Mungu alitengeneza chombo kibovu alafu anakikasirikia kwa kuwa kibovu. Na hicho ni kinyume kabisa na Biblia inavyoanza. Kilatini chake kinaongelea dhambi ya chanzo, ile iliyotokea mwanzoni na inayotukuta tunapozaliwa. Asili yetu kwa maana ya dawa za asili sio dhambi, asili yetu ni Mwanzo 1:31, Mungu akaona kila kitu alichokifanya na tazama, ni chema sana.

Hapo ndo wengi tunaporuka. Mahubiri mengi niliyoyasikia mtaani, kwenye mikutano ya viwanjani Nyamagana na Furahisha, yanaanzia Mwanzo sura ya 3, nyoka, tunda, laana, moto. Kama mtu anayekusimulia ajali ya basi bila kukuambia basi lilikuwa linaenda wapi.

Sura ya 1 yenyewe imepangwa kwa akili sana ukiiangalia taratibu. Siku 3 za kwanza Mungu anatenga nafasi, siku 3 zinazofuata anazijaza. Siku ya 1 anatenga nuru na giza, siku ya 4 anaweka jua, mwezi na nyota. Siku ya 2 anatenga maji na anga, siku ya 5 wanakuja samaki na ndege. Siku ya 3 nchi kavu inatokea na majani yake, siku ya 6 wanyama na mtu. Ukiiona hivo unaelewa kwamba aliyeandika alikuwa anajenga nyumba, kwanza vyumba alafu wakazi. Na anarudia "ni vyema" kama kibwagizo. Jirani zake wa Babeli walikuwa na stori yao ambapo miungu inapigana, mmoja anauawa na watu wanaumbwa kwa damu ya huyo aliyeuawa ili wawe vibarua wa miungu. Mwandishi wa Mwanzo anasema hapana, hakukuwa na vita, Mungu alisema na ikawa, na mtu sio kibarua, ni sura na mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke kwa pamoja.

Alafu unafika sura ya 2 mstari wa 4 na stori inaanza upya kwa mpangilio tofauti. Huku mtu anafinyangwa kwanza kwa mavumbi, bustani inafuata, wanyama wanafuata, mwanamke mwishoni. Watu wakigundua hili kwa mara ya kwanza wanashtuka kana kwamba wamekamata Biblia imedanganya, ila wazee wa kanisa walijua tangu zamani. Origene wa Aleksandria, huyu kafa karne ya 3, alishauliza kwamba siku ya kwanza, ya pili na ya tatu zilikuwaje na jioni na asubuhi bila jua. Agostino naye aliona zile siku sio siku za saa 24 kama zetu, alifikiri Mungu aliumba vyote kwa mara moja. Kwahiyo kusoma siku sita kwa namna nyingine sio kitu walichokibuni wasomi wa juzi kwa kuwaogopa wanasayansi.

Mama mkwe hakukubaliana na hili hata kidogo na namuelewa. Kwa Msabato siku saba ni siku saba, maana Sabato yenyewe imekaa juu yake, ukiilegeza ile wiki ya kwanza umelegeza na Jumamosi yake. Kwa Wakatoliki hiyo presha haipo sana. Papa Pio XII mwaka 1950 aliruhusu watu wachunguze kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe waliotangulia, mradi roho ieleweke kuwa inaumbwa na Mungu moja kwa moja, na Yohane Paulo II mwaka 1996 akasema nadharia ya mageuzi imeshakuwa zaidi ya dhana tu. Na aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza kwa kupanuka kutoka kitu kidogo mno ni padri wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Hapa kwetu hata huhitaji kwenda mbali, muulize mtu yeyote wa uvuvi kuhusu furu, wale samaki wadogo wa rangi rangi. Wanasayansi wanasema Ziwa Victoria lilikauka kama miaka elfu 15 iliyopita, likajaa tena, na mamia ya aina za furu yalitokea humo humo ndani ya muda ambao kwa dunia ni kama jana.

Ila kuna kona moja ambayo bado inawaumiza vichwa Wakatoliki wasomi, nisiifiche. Yule yule Pio XII alisema muumini asishike wazo kwamba binadamu walitokana na wazazi wa kwanza wengi badala ya Adamu mmoja, sababu haionekani wazi hilo litapatana vipi na dhambi ya asili. Na watu wa jeni leo wanasema binadamu tumetokana na kundi la maelfu, hatukuwahi kuwa wawili tu. Wanateolojia wanajibu kwa njia mbalimbali na mjadala unaendelea. Sitajifanya kuumaliza kwenye simu nikiwa juu ya bodaboda.

Sasa sura ya 3, na hapa nataka twende polepole.

Kwanza vitu ambavyo havimo. Neno "dhambi" halimo. Isome sura ya 3 yote, hulikuti. Linatokea mara ya kwanza sura ya 4, kwa Kaini, pale Mungu anapomwambia dhambi iko, inakuotea mlangoni, nayo inakutamani wewe, walakini yapasa uishinde. Neno "Shetani" nalo halimo, ni nyoka tu, mwerevu kuliko wanyama wote wa mwitu. Kumuunganisha nyoka na Ibilisi kumekuja baadaye, Hekima ya Sulemani 2:24 inasema mauti iliingia ulimwenguni kwa wivu wa Ibilisi (hiki kitabu kimo kwenye Biblia ya Wakatoliki, Waprotestanti hawana), na Ufunuo 12:9 inamtaja yule nyoka wa zamani. Epo halimo pia. Ni matunda tu, hayajatajwa ya nini, na jani pekee linalotajwa ni la mtini. Inadhaniwa epo limeingia kwa sababu kwa Kilatini neno la "uovu" na neno la "epo" yanafanana sana. Na lile la kwamba tunda ni tendo la ndoa, ambalo tulikuwa tunalinong'ona darasa la sita, halina mguu wa kusimamia, maana Mungu alishawaambia zaeni mkaongezeke kabla ya nyoka hajafungua mdomo.

Kilichomo ni mazungumzo, na ukiyasoma utajua huyu mwandishi alikuwa anawajua watu. Mungu alisema matunda ya kila mti waweza kula, isipokuwa mmoja. Nyoka anaanza na "Ati!" Hiyo "Ati!" ya Biblia yetu ya Kiswahili mi naipenda sana, ni ile ile ya umbea wa kisimani, "Ati nasikia Mungu kawakataza miti yote?" Anageuza ukarimu kuwa ubahili. Mwanamke anamsahihisha, ila katika kusahihisha naye anaongeza chumvi, "wala msiyaguse," kitu ambacho hakikuwepo kwenye agizo. Tayari picha ya Mungu imeshaharibika kichwani kabla mkono haujanyooka. Kwa hesabu yangu dhambi ilianza hapo, kwenye kumshuku Mungu kwamba anawabania kitu. Tunda lilikuja baadaye.

Na wanaopenda kumtupia Hawa lawama zote wasome mstari wa 6 vizuri. Kiebrania kinasema alimpa mumewe aliyekuwa pamoja naye. Alikuwepo! Kasimama pale anasikiliza mwanzo mwisho, kimya, kama wanaume fulani kwenye vikao vya ukoo wakati mke anajibishana na mawifi. Alafu akiulizwa anajibu, "Huyo mwanamke uliyenipa awe pamoja nami ndiye aliyenipa." Sentensi moja kawashtaki wawili, mkewe na Mungu aliyemleta mkewe. Mwanamke naye kamsukumia nyoka, na nyoka hana wa kumsukumia.

Angalia matokeo yalivyokuja kwa mpangilio. Aibu, wakashona majani. Hofu, wakajificha. Lawama. Baada ya hapo uchungu wa kuzaa, mume kumtawala mke, jasho shambani, miiba. Sura inayofuata ndugu anamuua ndugu. Kitu kingine ambacho nilipitwa nacho maisha yangu yote ni kwamba neno la kulaani pale linamwangukia nyoka na linaiangukia ardhi, halisemwi kwa mwanamume wala mwanamke. Na kabla ya kuwatoa bustanini Mungu mwenyewe anawashonea mavazi ya ngozi na kuwavika. Baba mkubwa alipofika hapo aliinua wavu akasema, "Unamfukuza mtoto nyumbani lakini unamkagua kwanza kama kavaa sweta."

Sasa kutoka hapo, ilikuwaje kosa la hao wawili likafika kwa mtoto wa wiki tatu wa Kirumba?

Agano la Kale lenyewe karibu halisemi. Baada ya sura za mwanzo Adamu anapotea, anatajwa kwenye orodha ya majina mwanzo wa 1 Mambo ya Nyakati na sehemu chache tu. Kuna Zaburi ya 51, mama yangu alinichukua mimba hatiani. Lakini kuna na Ezekieli 18 ambayo mama mkwe aliitoa kwa kichwa bila kufungua Biblia, ile methali ya baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi, Mungu anaikataza isitumike tena, roho itendayo dhambi ndiyo itakayokufa, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Wayahudi hadi leo hawana fundisho la dhambi ya asili kama letu. Waislamu nao, jirani yetu alipita kuchukua wavu wake akatuambia kwao Adamu na Hawa waliteleza wote wawili, wakatubu, wakasamehewa, kesi ikafungwa, na mtoto anazaliwa safi. Akachukua wavu wake akaondoka, sisi tukabaki na yetu.

Aliyeifungua upya hiyo kesi ni Paulo, na aliifungua kinyume nyume. Hakuanza na Adamu akashuka mpaka Kristo. Alianza na Kristo, kwamba huyu mmoja amefufuka na uzima wake unawafikia wote, ndo akageuka nyuma akauliza, kwani kabla yake kulikuwa na mmoja mwingine aliyewagusa wote? "Kama katika Adamu wote wanakufa, kadhalika na katika Kristo wote watahuishwa." Kiswahili kinatusaidia hapa kuliko lugha nyingi. Sisi kila siku tunaitana "binadamu", bin Adamu, na "mwanadamu", mwana wa Adamu. Mwingereza inabidi afafanuliwe, sisi tunalitamka hata tukigombania siti ya daladala, "we vipi, mi sio binadamu?"

Na kwa Wasukuma ipo stori ya Shing'weng'we, lile zimwi lililomeza watu wote na mifugo yao, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha. Akamzaa Masala Kulangwa, kijana akakua akaanza kuuliza, mama, watu wengine wako wapi? Akamtafuta zimwi akamuua, akampasua tumbo, watu wote wakatoka wazima. Wamisionari na Wakristo wa Kisukuma waliona hapo mlango wa kumuelezea Kristo, wote tumemezwa na wote tunatolewa na mmoja. Mi naipenda zaidi ile sehemu ya mwisho ambayo wahubiri huiruka, kwamba wakati anapasua kisu kilimkata bibi mmoja sikio, na yule bibi badala ya kushukuru akamkasirikia mkombozi wake vibaya mno mpaka kijana akaenda kutafuta dawa ya kumponya. Hao ndo sisi kabisa.

Turudi kwenye mstari ulioleta kazi, Warumi 5:12. Biblia yetu inasema mauti ikawafikia watu wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi." Hiyo "kwa sababu" imetoka kwenye Kigiriki. Lakini Agostino alisoma tafsiri ya Kilatini, na pale Kilatini kilisomeka kama "ambaye ndani yake wote wamefanya dhambi," yaani ndani ya Adamu. Unaona tofauti? Kwa Kigiriki kila mtu anafanya za kwake. Kwa kile Kilatini sote tulikuwemo kwenye kiuno cha Adamu alipokuwa anatafuna, kwahiyo hatia ni yetu pia. Sio kwamba fundisho lote limetokana na kosa la tafsiri kama wengine wanavyopenda kusema, Agostino alikuwa na sababu nyingine nyingi, ila lilichangia.

Huyu Agostino, kabla hujamuona kama mzungu wa kwenye madirisha ya kanisa, ni Mwafrika. Kazaliwa mwaka 354 Thagaste, leo ni Algeria, akawa askofu wa Hippo hapo hapo Afrika Kaskazini mpaka alipofariki 430. Akiwa na miaka 16 yeye na wenzake waliiba mapeari kwenye mti wa jirani. Hakuwa na njaa, kwao yalikuwepo mazuri zaidi, na mengi wakawatupia nguruwe. Ukubwani hilo lilimsumbua kuliko mambo yake mengine mazito, maana hakupata jibu la kwa nini, zaidi ya kwamba ilikuwa tamu kwa kuwa imekatazwa. Mi nilipolisoma nilikumbuka maembe ya jirani yetu tulipokuwa wadogo, mabichi, makali, huwezi hata kuyala, na kwetu tulikuwa na mwembe. Hatukufundishwa na mtu. Hapo ndo Agostino anakushika shati, anakuuliza hii kitu umeitoa wapi?

Mpinzani wake alikuwa mtawa kutoka Uingereza ya kale, Pelagio, alikuwa Roma na alichoshwa na Wakristo wazembe wenye kisingizio cha "si unajua tena, mimi binadamu tu." Akasema hapana, Mungu haamuru kisichowezekana, kila mtu anazaliwa kama Adamu alivyoumbwa, Adamu katuachia mfano mbaya tu, ukitaka utatii. Ukimsikiliza haraka haraka unampigia makofi. Shida ni kwamba kama mfano mzuri unatosha, basi Kristo ni mwalimu tu, na yule mlevi wa Igoma anayelia kila asubuhi kwamba leo siendi kilabuni na jioni yuko kilabuni, huna cha kumwambia zaidi ya "jitahidi." Mtaguso wa Karthago, yaani mkutano wa maaskofu, wa mwaka 418 ulimkataa, na Efeso 431 ukagusia kundi lake pia.

Na ona hili, ndo jibu la kihistoria la swali la mama mkwe. Ubatizo wa watoto wachanga ndo ulitangulia. Watu walikuwa tayari wanabatiza watoto, na Kanuni ya Imani inasema ubatizo ni wa maondoleo ya dhambi, ndo Agostino akauliza kama wanabatizwa kwa maondoleo basi lazima kuna kitu cha kuondoa, na kwa kuwa hawajatenda kitu, kitakuwa wamekirithi. Desturi ilizaa hoja. Baba mkubwa alilikubali hili kwa shingo upande, alikaa kimya kidogo akahesabu macho ya wavu.

Ila Agostino alifika mbali kuliko nilivyoweza kumfuata. Alisema mtoto akifa bila ubatizo anakwenda adhabuni, japo adhabu nyepesi kuliko zote. Mapadri wa baadaye moyo uliwauma wakaleta wazo la limbo, pembezoni mwa jehanamu, hakuna mateso ila hakuna kumuona Mungu. Limbo haikuwahi kuwa fundisho rasmi la kulazimisha, na mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikani ilitoa andiko linalosema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba watoto hao wanaokolewa. Nakumbuka bibi yangu alizika mtoto ambaye hakuwahi kubatizwa na alibeba hilo jambo kifuani miaka na miaka, hakuna aliyemwambia. Alishafariki wakati andiko linatoka.

Kwahiyo tunarithi nini hasa? Hapa ndo makanisa yanagawanyika na ukijua hii utaelewa ugomvi mwingi. Waorthodoksi, ambao wana jimbo lao hapa hapa Mwanza, wanasema tunarithi mauti na udhaifu, haturithi hatia ya Adamu. Mzee wao wa kale Ireneo wa Lyon aliwaona Adamu na Hawa kama watoto waliotakiwa kukua, wakakimbilia kitu kabla ya wakati wake. Wasabato wengi nao, ukiwauliza vizuri, wako karibu na hapo, unarithi maumbile yaliyoharibika na utatenda dhambi ukikua, ndo maana wanasubiri mtu aelewe kisha wanamzamisha majini, mtoto mchanga wanamuombea tu na kumweka mikononi mwa Mungu. Luther na Calvin, waanzilishi wa Uprotestanti, walishika upande mkali, uharibifu umefika kila kona ya mtu, akili, nia, mapenzi. Wakatoliki kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1546 wakasema ubatizo unaiondoa dhambi yenyewe, inabaki tamaa, ule mwelekeo wa kuteleza, ambao wenyewe sio dhambi mpaka uuridhie. Na katekisimu yao ya sasa inasema kwamba inaitwa dhambi kwa mfano tu, ni hali tunayoipokea na sio tendo tulilolitenda.

Hali na sio tendo. Baba mkubwa alitafuta namna ya kumwambia mama mkwe hilo na mwishowe akanyoosha kidole ziwani.

"Mama, sangara nani aliweka humu?"

"Wakoloni si ndo wanasema, miaka ya hamsini huko."

"Wewe uliweka?"

"Mimi? Nilikuwa sijazaliwa."

"Na huyu mjukuu wetu?"

Nadhani unaona alikokuwa anaelekea. Sangara waliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, kufika miaka ya 80 walishawala furu, mamia ya aina zikatoweka au zikabaki kiduchu. Gugumaji likafuata. Mtoto anayezaliwa leo Mwaloni hana hatia hata moja kwenye hilo, hakuna polisi atakayemkamata. Lakini ziwa atakaloogelea, samaki atakayeonja wa kwanza, kazi atakayoikuta, vyote vimeshaguswa na lile tendo la watu asiowajua. Hatapata nafasi ya kuzaliwa kwenye ziwa la mwaka 1940. Na akikua, samaki wamepungua, wenzake wanavuta kokoro usiku, wanatega timba, nyavu haramu hizo, naye atashika kamba, na hapo sasa itakuwa ni yake. Kwanza unazaliwa ndani ya kitu, alafu unakitia sahihi kwa mkono wako mwenyewe.

Mfano una mipaka, mama mkwe aliiona kabla yangu. Akasema lakini Mwalimu sangara ndo wamewasomesha watoto wangu wote wanne, viwanda vimekuja, minofu inaenda Ulaya, hiyo dhambi gani yenye ada ya shule? Baba mkubwa alicheka mpaka uzi ukamponyoka. Akamwambia kuna wimbo tunauimba usiku wa Pasaka, mishumaa ikiwa imewashwa, Mbiu ya Pasaka, unaliita kosa la Adamu kosa lenye heri kwa kuwa limetuletea Mkombozi mkuu namna ile. Mama mkwe akasema huo wimbo hauelewi, akaomba aandikiwe maneno yake.

Mtoto alibatizwa Jumapili. Alilia pale maji yalipogusa utosi, kawaida. Ila Jumamosi yake, bibi yake alikuwa ameshamchukua mapema kwenda kanisani kwake, mchungaji akampakata mbele ya watu akamuombea, na mdogo wangu hakumwambia baba mkubwa. Baba mkubwa alijua, maana mtoto alirudi na kofia mpya ya sufu ambayo hakutoka nayo. Hakusema kitu. Alimvua ile kofia taratibu wakati padri anasogea na maji, akaikunja akaiweka mfukoni, misa ilipoisha akamvika tena.